Ahukumiwa kunyongwa kwa kutambuliwa kwa mwanga wa karabai: je, ushahidi huu unatosha?

Mjomba, Igombe
Ndugu wanajukwaa, mpwa wangu, mvuvi wa dagaa katika mojawapo ya visiwa vya Ukerewe, ametiwa hatiani kwa kumuua mwenye mtumbwi na kuhukumiwa kunyongwa hadi kufa. Hakukutwa na silaha wala mali ya marehemu, na hakukiri kosa. Shahidi pekee aliyesema alimwona alikuwa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, usiku ule, akadai kumtambua kwa mwanga wa karabai, ile taa ya wavuvi yenye mwanga mkali, iliyokuwa mtumbwini. Alfajiri ile ile alizungumza na mwenyekiti wa kitongoji bila kutaja jina la mtu. Jina la mpwa wangu lilijitokeza siku kadhaa baadaye, polisi walipochukua maelezo yake. Simtetei kwa kuwa ni damu yangu. Marehemu nilimfahamu, na aliyemuua anastahili adhabu. Ninachouliza ni kama ushahidi wa namna hii unatosha kumtoa mtu uhai, na kama bado ipo njia.

Mwanasheria, Nyamagana
Shikamoo mjomba, na poleni kwa yaliyowafika. Katika shauri la Waziri Amani (Waziri ni jina la mtu, si cheo) dhidi ya Jamhuri, la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu mno, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka iridhike kuwa uwezekano wote wa kumfananisha mtu umeondolewa. Kwa hiyo haitoshi shahidi kusema kulikuwa na taa. Anatakiwa aeleze ukali wa mwanga, taa ilipokuwa, umbali wake, muda aliomtazama mtuhumiwa, na kama alimjua kabla. Aliyewahi kusimama mwaloni usiku anajua kwamba karabai humulika maji vizuri, lakini humuumiza macho anayeitazama kutoka nchi kavu, na aliyesimama nyuma yake huonekana kivuli tu. Hata hivyo, kwangu mimi lenye uzito zaidi ni ule ukimya wa alfajiri. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, Mahakama hiyo ilieleza kwamba kumtaja mtuhumiwa katika nafasi ya kwanza kabisa kunampa shahidi uaminifu mkubwa, na kwamba kuchelewa bila maelezo kunapaswa kuifanya mahakama ihoji.

Mwalimu, Sengerema
Tusisahau hofu. Visiwani mashahidi na watuhumiwa hulala kambi moja, na mtu anaweza kunyamaza mpaka afike mahali anapojiona salama. Tena mtu uliyevua naye miezi mingi unamjua hata kwa mwendo wake. Familia ya marehemu nayo inadai haki.

Mjomba, Igombe
Mwalimu, hofu ningeielewa. Lakini nimeusoma mwenendo wa shauri: wakili alipomuuliza kwa nini hakumtaja, alijibu kwamba mwenyekiti hakumuuliza. Umbali haukuandikwa popote.

Mwanasheria, Nyamagana
Mwalimu ana hoja, ila hofu lazima ielezwe na shahidi mwenyewe mbele ya jaji; sisi hatuwezi kumsemea, na jibu alilotoa si la hofu. Hizo ni sababu mbili nzito za rufaa. Kwa kuwa hii ni rufaa ya kwanza, Mahakama ya Rufani ina mamlaka ya kuupima upya ushahidi wote, wala haibanwi na maswali ya sheria peke yake. Mpwa wako atapangiwa wakili kwa gharama za serikali ikiwa hamna uwezo, kwa sababu adhabu yenyewe ni kifo: kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji adhabu nyingine kwa mtu mzima kama yeye aliyepatikana na hatia ya mauaji. Tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilisema kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi, nami naona ilisema kweli. Lakini msiegemee hapo, kwani hoja yenu ni kwamba hatia yenyewe haikuthibitishwa.

Notisi ya rufaa, yaani taarifa kwamba mtu anakusudia kukata rufaa, hutolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu. Mkienda kumtembelea, muulizeni kwanza kama aliisaini gerezani na tarehe iliyoandikwa. Muda ukiwa umepita, itabidi kuomba kuongezewa, na kila sababu ya kuchelewa ielezwe kwa kiapo.