Naomba ushauri: seti ya vyeo vya Monako, niinunue au niiache?

Mpishi_wa_Nice
Wakuu, salaam. Ninaishi Nice, kusini mwa Ufaransa, na ni mpishi hotelini. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikikusanya sarafu za ukumbusho za Monako, utemi mdogo ulio jirani nasi. Sasa mzee mmoja niliyemfahamu mtandaoni ananiuzia vipande vitatu vilivyopakwa dhahabu, vinavyoadhimisha vyeo vya ukoo wa Grimaldi, unaotawala Monako, yaani Valentinois, Baux na Carladès, na juu yake ananiongezea sarafu ya euro 2 ya mwaka 2007 yenye sura ya Grace Kelly, mwigizaji wa Marekani aliyeolewa na mtawala wa Monako. Vyote kwa euro 900. Jibu analitaka kabla ya Ijumaa, nami usingizi umenipaa.

Msomaji_Mzee
Ndugu yangu, umegusa historia ninayoipenda. Mwaka 1641 Honoré II, mtawala wa Monako, aliwaacha Wahispania na kujiweka chini ya ulinzi wa Ufaransa kwa mkataba wa Péronne, na kwa kuwa alipoteza mashamba yake ya Napoli, Mfalme Louis XIII alimfidia kwa maeneo hayo matatu pamoja na vyeo vyake. Mapinduzi ya Ufaransa yaliondoa mapato ya ardhi ile, lakini majina yamebaki: pacha wa mtawala Albert II waliozaliwa tarehe 10 Desemba 2014, Jacques ana cheo cha Baux na Gabriella ana cha Carladès. Ni kumbukumbu nzuri kuwa nayo nyumbani.

Bi_Zuhura_Maskati
Mwanangu, marehemu baba aliniachia riale tisa za fedha zenye sura ya Maria Theresa, aliyekuwa mtawala wa Austria, na zote zimeandikwa 1780. Nilidhani nimepata utajiri, hadi sonara wa Matrah aliponieleza kwamba riale hizo ziliendelea kupigwa kwa tarehe ileile miaka mingi baada ya malkia huyo kufariki, akaziweka kwenye mizani na kunilipa uzito wa fedha tu. Tangu siku hiyo siamini maandishi, naamini mizani.

Fundi_Mizani
Shikamoo, Bi Zuhura, umesema kweli. Mpishi, naomba unijibu mambo mawili. Je, vile vipande vitatu vimeandikwa thamani yoyote ya euro? Na je, umeshatoa fedha?

Mpishi_wa_Nice
Havikuandikwa thamani, lakini kila kimoja kina ngao ya Grimaldi, na kisanduku chake kimetandikwa mahameli nyekundu.

Fundi_Mizani
Swali la pili hukulijibu.

Mpishi_wa_Nice
Nimetoa arbuni ya euro 400. Zilikuwa fedha za upatu wetu, tuko watu kumi, na zamu ya mwezi huu ni ya dada mmoja anayedaiwa kodi ya nyumba. Naomba msinihukumu haraka, kwa sababu nilikusudia kuzirudisha mara tu nitakapoiuza ile ya Grace Kelly, na mzee mwenyewe amenionyesha uaminifu kwa kunikabidhi sarafu hiyo mapema.

Ustadh_Kheri
Amana ni amana, ndugu yangu. Hata kama ungepata faida mara mbili, usiku uliozitoa hukuwa na ruhusa ya mtu yeyote kati ya wale kumi.

Fundi_Mizani
Kipande kisicho na thamani iliyotajwa na dola kwa kawaida ni medali, si sarafu, hata kikipakwa dhahabu na kuchorwa ngao ya nani. Karakana yoyote inaweza kukitengeneza. Sarafu ya 2007 ni halali kabisa, ilitolewa kutimiza miaka 25 tangu kifo cha Grace Kelly, lakini zilipigwa 20,001 tu na kila moja huuzwa kwa zaidi ya euro elfu moja. Anayejua bei hiyo hawezi kuigawa kama nyongeza.

Kigogo_77
Wakuu, mimi naona hadithi hii imetungwa. Akaunti ya Mpishi imefunguliwa juzi, mzee hana jina, na kila Mpishi akibanwa anaongeza kipande kipya cha kisa. Huenda yeye ndiye muuzaji, anajaribu kutuzoesha bidhaa yake.

Bi_Zuhura_Maskati
Muuzaji gani atakayekiri kwamba amekula upatu?

Fundi_Mizani
Tuiache sarafu yenyewe iseme. Euro 2 ya kweli ina gramu 8.5 na upana wa milimita 25.75. Sumaku huivuta kidogo katikati, kwa kuwa ndani kuna tabaka la nikeli, lakini pete ya nje haivutwi. Una mzani hapo?

Mpishi_wa_Nice
Nimetumia mzani wa jikoni tunaopimia hamira. Euro 2 ya kawaida niliyoitoa mfukoni imesoma 8.5. Ya Grace Kelly imesoma 7.6, nimeirudia mara nne, nikaifuta kwa kitambaa na kuirudia tena. Nilipoisogeza kwenye sumaku ya mlango wa friji, ilinasa kwa ukingo na kubaki inaning'inia.

Fundi_Mizani
Basi usimwongezee hata senti. Hifadhi mazungumzo yenu na stakabadhi ya malipo, uende polisi leo kabla hajafunga akaunti yake.

Ustadh_Kheri
Na kijumbe wa upatu wenu aelezwe leo hii, kabla dada huyo hajafukuzwa nyumbani. Kijumbe ni nani?

Mpishi_wa_Nice
Ni mimi.