Tupeane uzoefu: umewahi kuliwa pesa ukinunua jina la tovuti?

Muuza Leso, Biashara Street

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi nauza leso. Anayejua kazi hii anajua kwamba mteja haangalii rangi tu, huuliza jina: "Hii yasemaje?" Leso nzuri yenye jina lisilopendeza hulala kabatini. Kwa hiyo nilipotaka kuuza mtandaoni nilihangaika na jina la tovuti wiki nzima, hadi nikapata moja la .co.ke, fupi, linalokaa mdomoni.

Kijana aliyenitengenezea tovuti alitaka elfu kumi na tano, jina likiwemo. Nikamtumia kwa M-Pesa kwenye nambari yake mwenyewe. Akaniletea cheti chenye muhuri na jina la duka langu, nikakibandika ukutani juu ya rafu ya visutu. Kila Februari nikawa namtumia elfu tatu za kulilipia jina. Miaka mitatu hiyo.

Mwaka huu nikataka mpwa wangu aisimamie tovuti. Kijana akasema hana neno, ila nimpe elfu arobaini ndipo aliachie jina. Mpwa wangu akafuatilia, tukakuta jina limesajiliwa kwa jina la kijana, barua pepe yake, simu yake. Cheti alikitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta. Na zile elfu tatu? Naambiwa jina la .co.ke hulipiwa karibu elfu moja kwa mwaka.

Wallahi sikulala. Jina lile wateja wangu wa Lamu na Unguja wanalijua, na limechapishwa kwenye mifuko mia tano iliyojaa stoo. Naomba aliyepatwa na haya, au mengine ya aina hii, aeleze yalivyomkuta ili wengine wasikutwe.

Fundi wa Tudor

Pole sana Mama. Kazi yangu ni hiyo hiyo ya kutengeneza tovuti, na hadithi yako naisikia kila mara. Wengine ni wezi kweli. Wengine ni wavivu tu, wanasajili majina ya wateja wote kwenye akaunti yao moja kwa sababu ni rahisi. Kwa mwenye duka ni mamoja. Fundi akihama, akifa au mkikosana, jina limekwenda naye.

Cheti hakikupi jina, na risiti ya M-Pesa haikupi jina. Jina ni la yule aliyeandikwa kwenye rekodi ya usajili. Daftari la majina yote ya .ke linatunzwa na KeNIC, na kwenye tovuti yao kuna orodha ya wasajili walioidhinishwa, yaani kampuni zinazosajili majina kwa niaba ya wateja, na mahali pa kuliangalia jina. Kwa .com na mengine ya kimataifa, angalia lookup.icann.org. Siku hizi habari za mwenye jina mara nyingi hufichwa, lakini msajili, tarehe ya kusajiliwa na tarehe ya kuisha utaviona.

Usitume hata shilingi kwanza. Kusanya meseji zote za malipo, mazungumzo yenu ya WhatsApp na cheti cha usajili wa biashara yako. Mzozo wa jina la .ke unaweza kuupeleka KeNIC, wana utaratibu wa kusuluhisha. Tena ipo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Kifungu cha 28 kinamhusu anayetumia jina la mtu mwingine mtandaoni bila haki: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Sisemi umshtaki kesho. Nasema ajue kwamba unaijua.

Nyumba za Wageni, Mtwapa

Mimi niliingia kwa mlango mwingine. Ilikuja barua pepe kwa Kiingereza, "taarifa ya mwisho", kwamba jina letu la .com linaisha na tulipe kwa dola mara moja. Jina lilikuwa letu kweli, na tarehe ya kuisha ilikuwa sahihi. Nikalipa kwa kadi.

Kumbe tarehe hiyo yeyote anaweza kuiona kwenye rekodi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu, ilikuwa imeandikwa kwamba hiyo si ankara, na kwamba ninacholipia ni kuorodheshwa kwenye mitambo ya kutafutia mtandaoni, kama Google. Jina lenyewe halikulipiwa hata senti.

Ankara ya kweli ya msajili wetu ilikuwa inakwenda kwenye barua pepe ya dada wa mapokezi aliyeacha kazi zamani. Wiki ya Pasaka, wageni wanatafuta vyumba, tovuti imezimika na barua pepe zote za kazi zimekufa pamoja nayo. Tulibahatika. Jina la .com likishafutwa na msajili huwa na siku 30 za kukombolewa na mwenyewe, kisha siku 5, halafu linakuwa la atakayewahi. Tulilikomboa ndani ya zile 30, kwa ada kubwa kuliko ya miaka kadhaa ya kawaida.

Jambo moja naomba mlishike: barua pepe mnayompa msajili isiwe ya jina hilo hilo. Jina likizimika, na onyo halikufikii.

Mpakiaji wa Bandari

Kuna na ile ya "kampuni moja ya China inataka kusajili jina lako kwa .cn na .asia, jibu leo tukulinde". Hakuna kampuni. Futa tu. Na anayekuuzia jina "la maisha" ni mwongo, .com haiwezi kusajiliwa zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo.

Binti wa Majengo

Mimi ndiye nilikuwa nauza. Nilikuwa na jina zuri la safari za Diani. Akatokea mnunuzi, dola 3,000, bila kubishana bei. Akataka tu cheti cha thamani ya jina, na akanionyesha tovuti anayoiamini. Dola 150. Nililipa, cheti kikaja, mnunuzi akapotea. Tovuti ya cheti ilikuwa yake. Zile pesa nilikuwa nimeziweka za ada ya mdogo wangu.

Msafiri wa Likoni

Wenzangu, mimi nilijiona mwangalifu. Nilinunua jina la mkono wa pili, na muuzaji mwenyewe akapendekeza tupitie mtu wa kati wa kushika pesa hadi jina lihame. Nikaona huyu mwaminifu. Linki niliisoma nikiwa kwenye feri, jua limepiga kioo cha simu. Neno lilikuwa na m. Nilipolikuza usiku nyumbani, ile m ilikuwa r na n zimebanana. Elfu sitini na mbili zimeshakwenda.

Anwani ya mtu wa kati iandike mwenyewe kwa vidole, usibonyeze linki ya muuzaji. Na kabla ya yote mwambie aweke neno utakalomchagulia wewe kwenye ukurasa wa jina hilo. Mwenye jina huliweka kwa dakika chache. Wangu angeshindwa, maana jina halikuwa lake.

Muuza Leso, Biashara Street

Wanangu, ahsanteni. Binti, pole mwanangu, hiyo ya ada imeniuma. Nimemwandikia yule kijana kwa upole, nikamtajia KeNIC na kile kifungu. Amejibu, amesema atakuja dukani Jumamosi baada ya adhuhuri, wala hakuitaja tena ile elfu arobaini. Fundi, akifika tufanye nini kwanza?

Fundi wa Tudor

Kabla hajafika, fungua akaunti yako kwa msajili, kwa barua pepe yako na simu yako, na nywila uandike wewe. Kama msajili ni yule yule wake, alihamishie kwenye akaunti yako. Kama ni mwingine, akupe msimbo wa kuhamishia. Kisha abadilishe jina la mwenye mali liwe lako. Asiondoke dukani kabla hamjaifungua rekodi upya kwa simu ya mpwa wako na kuisoma. Nitakuwa Digo Road siku hiyo, Mama. Ukitaka nitapita.

Muuza Leso, Biashara Street

Pita mwanangu. Duka lina pazia la kijani, uliza yeyote pale.