Vita vikiisha, sisi wafanyabiashara tuna kazi gani?

Katibu_wa_Chama: Wakuu, salaam. Ni katibu wa chama cha wafanyabiashara. Wanachama wamenituma niandike mpango wa mchango wetu katika maridhiano baada ya mapigano. Kauli yao ni moja: tufungue biashara, watu wapate ajira, chuki itakwisha yenyewe. Mimi sijaridhika. Zaidi ya kuuza na kununua, tuna kazi gani?

Bwana_Meza: Mnayo kubwa: kuwakalisha wanasiasa. Tunisia mwaka 2013 ilikuwa inakaribia kuchafuka. Chama cha waajiri, UTICA, kikaungana na mahasimu wake wa kila siku, chama cha wafanyakazi UGTT, pamoja na mawakili na watetezi wa haki za binadamu, wakawabana wanasiasa mpaka wakaelewana. Mwaka 2015 wakapewa Nobeli ya Amani. Hata mazungumzo ya siri kati ya ANC, chama cha wapigania uhuru cha Afrika Kusini, na wasomi Makaburu, yaliyofanyika Uingereza, gharama zake zilibebwa na kampuni ya madini, Consolidated Gold Fields.

Mama_Mishahara: Kweli, Bwana Meza, lakini hiyo ni kazi ya wakubwa, na ikishatiwa saini kila mtu anarudi ofisini kwake. Mimi nimekaa sana idara ya utumishi, kwa hiyo naanzia kwingine. Katibu, kabla hujaandika neno maridhiano, fungua orodha ya mishahara. Msimamizi ni nani, kibarua ni nani? Kama kabla ya vita mabosi wote walitoka upande mmoja na wabeba mizigo upande wa pili, mkifungua biashara vilevile mtakuwa mmerudisha kinyongo kilekile, safari hii na risiti.

Watu kufanya kazi pamoja kunasaidia pale wanapokuwa sawa. Rwanda baada ya 1994, kwenye vyama vya ushirika vya kahawa kama kile cha Maraba kilichoanzishwa 1999, wajane wa mauaji ya kimbari walijikuta wanachama pamoja na wanawake ambao waume zao walikuwa gerezani. Kila mmoja ana kura yake na malipo yake. Sisemi walipendana. Nasema hakuna aliyekuwa bosi wa mwenzake.

La pili ni mafaili: kusema wazi biashara zenu zilifanya nini wakati ule. Novemba 1997 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini iliwasikiliza wafanyabiashara. Wengi walijitetea kwamba ubaguzi wa rangi uliwaumiza hata wao. (Mishahara ya wachimba madini Waafrika ilikuwa ikisema mengine.) Ripoti ya 1998 ikapendekeza, pamoja na mengine, kodi ya utajiri. Mwaka 2003 Rais Mbeki akaikataa, na waathirika waliotambuliwa na Tume wakapewa randi 30,000 kila mmoja, mara moja basi.

Katibu_wa_Chama: Shikamoo mama. Hapo kwenye mafaili najua watanijibu nini: tutawafukuza wawekezaji.

Mama_Mishahara: Marahaba. Waulize kuhusu Omarska, Bosnia. Mgodi wa chuma uliogeuzwa kambi ya mateso mwaka 1992. Mwekezaji alikuja, akaununua 2004, uchimbaji ukaendelea. Manusura wakaomba mahali pa kuwakumbuka wenzao. Mpango ukaanza, ukasitishwa 2006. Mtaji haukukimbia, na suala halikufa: kila Agosti manusura wanakusanyika palepale mgodini.

Kwa hiyo mpango wako uandike mambo yanayoshikika. Waliofukuzwa kazini kwa sababu ya kabila au dini yao, nani anarudishwa, na kwa cheo kipi? Mikopo ya waliokimbia, riba ya miezi ile inafutwa au hapana?

Bwana_Meza: Na vibanda na viwanja vya waliokimbia. Kuna watu wanavifanyia biashara sasa hivi.

Mama_Mishahara: Hapo ndipo penyewe. Katibu, sitashangaa kama baadhi yao wamo humo humo chamani kwako, na ada wanalipa vizuri. Zungumza nao faragha, mmoja mmoja, kabla mpango haujachapwa.