Timbo la mawe limeachwa shambani, nawezaje kulirudisha liwe malisho?

mkulima_kilifi
Habari zenu wakulima. Tuna shamba la familia huku Kilifi kama ekari tatu hivi, babangu alilikodisha watu wachimbe mawe ya kujengea, makubaliano yalikuwa wakimaliza wairudishie ardhi udongo wake lakini walipopata mawe yao wakahamisha mashine na hadi leo hakuna aliyerudi. Sasa tumebaki na shimo, chini ni jiwe jeupe tupu na vifusi, mvua ikinyesha maji yanatuama pembe moja na kwingine kote pakavu. Jirani alipanda mahindi kwa timbo lake yakatoka manjano yakafia pale pale. Nina mbuzi na ng'ombe wawili, nyasi za kununua zinanimaliza. Kuna mtu ashaona timbo la mawe ya bahari likirudi kuwa shamba kweli kweli? Malori ya udongo siwezi kununua.

Mama Mvinje
Pole sana mwanangu, lakini usikate tamaa. Panda matatu nenda Bamburi, Mombasa, pale Haller Park ukajionee, maana ile yote ilikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti, jiwe tupu na jua, na chini kidogo tu maji ya chumvi chumvi. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda mwaka 1971, akajaribu miti aina 26 na iliyosimama ni 3 tu: mvinje, mnazi na konokarpasi. Aliyeibeba kazi ni mvinje kwa sababu mizizi yake inaishi na bakteria wanaovuta naitrojeni hewani, haihitaji udongo ulioshiba. Shida ikawa majani yake, yale kama sindano, yanaanguka yanarundikana hayaozi. Wakaleta majongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu, wakaachiwa chini ya miti wakawa wanatafuna zile sindano na kinyesi chao ndicho kikawa mwanzo wa udongo mweusi. Ukifika pale inama ufukue kidogo kwa kidole chini ya mvinje utauona, juu sindano kavu, chini yake unga unga mweusi, halafu jiwe. Baadaye hata wanyama wa kula majani kama pofu, yule swala mkubwa, waliwekwa humo. Kwa hivyo inawezekana, ila udongo unatengenezwa kwanza, malisho yanafuata.

Wewe chimba mashimo kwa mtaimbo hadi uvunje lile gamba la juu, jaza samadi ya mbuzi na makumbi yaliyooza, na ukichukua miche ya mvinje chukua pia ndoo ya udongo kutoka chini ya mvinje mkubwa utie kila shimo konzi moja, wale bakteria wako humo.

daktari_wa_mifugo_001
Mama amesema yote ya miti, mimi niongeze ya chakula cha mifugo. Yale mahindi ya jirani kuwa manjano si kukosa maji peke yake, mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi mno, na udongo wenye chokaa hivyo unafunga madini ya chuma na zinki mmea haupati, utaona jani jipya limekuwa manjano huku mishipa yake bado kijani. Ukimwaga mbolea ya DAP haitatibu hiyo. Tafuta mimea inayovumilia chokaa. Lusina, mti wa malisho, inaipenda sana, panda kwa mistari, ikifika kimo cha mtu unakata matawi unapelekea mbuzi bandani. Lakini ina sumu yake, isizidi kama theluthi moja ya chakula cha siku, na punda usimpe kabisa, nywele za shingo na mkia zitamtoka. Kwa nyasi, boma rhodes na bafeli zote zinaweza, ila zisubiri mpaka kuwe na udongo wa kushika mbegu, anzia na boma rhodes pale maji yanapotuama maana tope lote la mvua linaishia hapo.

Na tafadhali sana MBUZI WASIINGIE HUMO mapema, watakula ncha za miche yote kwa asubuhi moja na utarudi kwenye jiwe lako.

Baraka wa Msambweni
Naomba wengine mnaotaka kukodisha msome hapa. Udongo wa juu ndio mali, utolewe KABLA ya kuchimba na ulundikwe kando, uandikwe kwenye mkataba na pesa nyingine zibaki mkononi mpaka urudishwe. Huku Kwale mgodi wa titani uliofunga Desemba 2024 walikuwa wakiuondoa na kuutunza ule udongo ndipo wachimbe, na ule ni mgodi mkubwa, sasa timbo la ekari tatu litashindwaje? Ndugu wa Kilifi, peleka pia malalamiko NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, sheria inaruhusu amri ya kumlazimisha aliyeharibu arekebishe.

mkulima_kilifi
Asanteni jamani, mmenipa nguvu. Mkataba upo, umeandikwa kwa mkono na wamesaini, nitaupeleka. Mama, je nikipanda mvinje shimo zima nyasi zitapata jua?

Mama Mvinje
Usijaze. Acha njia pana kati ya mistari, mvinje ikishakua punguza, fito zake zinauzwa sana kwa wajenzi na zitakulipa gharama, sindano ziache chini usifagie wala usichome. Na kabla ya yote chimba pale panapotuama uonje maji, yakiwa ya chumvi anza na mvinje na minazi, lusina ipande upande wa juu. Panda mvua za masika zikishika, usingoje mwisho wake.