FUNDI AMEIKALIA SABWUFA (SPIKA YA BESI) YANGU!!!

Wallahi nina hasira hata chai hainishuki. Yule fundi, nyote mwamjua, yule wa kofia ya kijani anayejisifu kafunga miziki hoteli zote za Nyali. Kaja kwangu Tudor leo. Nikamwambia kwa heshima: fundi, sabwufa hii ina amplifaya yake ndani, yataka waya mmoja tu wa RCA, kutoka SUB OUT, tundu la kutolea besi la risiva (mashine ya kugawia spika sauti), hadi LFE, tundu la sabwufa la kupokea besi. Akanijibu, "Wewe wasoma kitabu, mie nina masikio." Akachomeka waya kwenye tundu la kuingizia sauti ya DVD! Sabwufa kimya. Akasema mbovu, kisha AKAIKALIA. Mbele ya mama mkwe! Makalio yote mawili, kikombe mkononi: "Hii ifanyeni stuli."

Kikombe kimeacha duara jeupe juu ya mbao.

Alipoondoka na elfu mbili zangu nikahamisha waya, kwenye risiva spika nyingine nikaziweka "Small" (besi iende kwa sabwufa), krosova, yaani mpaka wa kukata besi, 80 Hz, na kitufe cha krosova cha sabwufa yenyewe nikakizungusha hadi mwisho ili besi isikatwe mara mbili. Madirisha yalilia mpaka kunguru wa Tudor wote wakahamia Kisauni. Iko nzima! Na mtu ameikalia!

kasa_mzee: Chai ulimpa, kiti hukumpa. Angekaa wapi?

mwanaLikoni: Huyo huyo! Kwangu kaiacha yanguruma hata muziki umezimwa. Nikachomeka risiva na sabwufa soketi moja, ngurumo ikakatika.

binti_ghorofani: Kumbe ni wewe! Besi yako yapita ukutani, kitanda changu chatembea saa sita usiku, mtoto halali. Heri angeikalia mpaka asubuhi.

mwenye uzi: Dada, mada ni KUIKALIA. Mbele ya mama mkwe!

kasa_mzee: Mama mkwe alisemaje?

mwenye uzi: Alimwongeza mahamri.

mwanaLikoni: 😂😂😂 Basi ndiye mkwe mpya huyo.

pwani_kavu: Nyinyi mna raha. Wangu wa friji kaja kutia gesi, kaondoka na ngazi yangu. Simu hashiki, samaki wameoza.

binti_ghorofani: Wa friji ana pikipiki nyekundu?

pwani_kavu: Ndiye! Wamjua?

binti_ghorofani: Ana drili ya mume wangu tangu Ramadhani. Ukimpata, mshike hapo hapo, naja.