Vijana waiga biti, haya Juma Bhalo wa taarabu naye aliiga nini? Tujadili

Jana jioni tuko barazani hapa Shella Malindi, kahawa na kashata, kapita kijana na boda kafungulia ngoma ya siku hizi, mzee mmoja akatema maneno, ati hawa hawajarithi chochote kwa Juma Bhalo, biti za Wanaijeria tu basi. Wote wakaitikia. Mi nikanyamaza kwa heshima lakini halikuniingia kabisa ndo nalileta hapa.

Bhalo si mtoto wa Malindi hii hii? Na nyimbo zake nyingi si mahadhi ya sinema za Kihindi? Yani tyuni anaichukua kama ilivyo, tabla, harmonia na tashkota vinaingia, kina mama harusini wanatunza mpaka noti zinaanguka chini, na hakuna aliyemwita mwizi. Amefariki 2014 tumemzika kwa sifa zote, leo mtoto akidaunlodi biti ndo kapotea?

Ila vijana wenzangu msinichukie. Bhalo alikuwa na jamaa yake Ahmad Nassir, yule mshairi wa kitabu cha Malenga wa Mvita, anampa maneno ya vina na mizani, fumbo lenyewe unalipata ushafika nyumbani ushavua viatu. Sisi tumeshika ile ya kuazima tyuni, ya kumtafuta malenga tumeiwata. Mimi mwenyewe nna ngoma tatu na zote ubeti wa pili ni ule ule wa kwanza, studio yalipwa kwa saa ningefanyaje.

Jibu kutoka Amu (Lamu):
Mdogo wangu usifananishe. Tyuni ya Kihindi watu walikaa wakaipiga kwa mikono yao, wewe biti umeikuta ishapikwa ishapakuliwa. Na kwani ni Bhalo peke yake? Sisi tuna Zein l'Abdin, naye wa taarabu, kazaliwa huku 1939, udi wake ule wa nyuzi na midundo ya ngoma zetu za hapa hapa. Hebu nambie hapo kwenu ni vijana wangapi wajua hata kuushika udi.

Mleta mada:
Kaka, bei ya udi unaijua lakini? Haya, la biti kupikwa nimekubali. Ila Bhalo mimi sikumuona akiimba hata siku moja, nimemjua kwa kaseti ya mamangu, ile ya kuzungusha kwa kalamu ikimezwa na redio. Mama mpaka leo anaziimba zote bila kukosea neno. Zangu mimi nikipanda jukwaani nasomea kwa simu.