Boti ya kuwindia bata "iliyokarabatiwa nyumbani": zulia jipya juu, alumini iliyooza chini

Wanajukwaa, salaam. Nimejizuia kuandika kwa wiki mbili ili hasira ipungue, lakini haikupungua.

Ninaishi Minnesota, Marekani, na kila msimu huwinda bata mwitu na wenzangu wawili. Mwezi uliopita nilinunua kwa mtu binafsi boti ya alumini ya futi 14, ile ya chini bapa inayopita kwenye matete na maji ya kina kifupi. Alinihakikishia kwamba ameikarabati mwenyewe katika gereji yake: sakafu mpya, zulia jipya, rangi ya kijani kibichi isiyong'aa, jukwaa la kusimamia mbele na sanduku la bunduki ubavuni. Nililipa dola 1,800 pamoja na trela, nikashukuru.

Siku ya kwanza majini tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, ilizama kuliko kawaida, na tulipomaliza saa moja ngamani, chini kabisa ndani ya boti, mlikuwa na maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa madau Tanga, na alinifundisha kwamba chombo kinachovuja hakiulizwi maswali kikiwa majini. Nilikirudisha nyumbani, nikakiacha juu ya trela, nikakijaza maji kwa mpira wa bustani na kupita chini yake na chaki, nikitia alama kila palipotoka tone. Nilipata alama 11. Tatu tu ndizo zilizokuwa kwenye ribiti, vile vipini vinavyounganisha mabati, jambo ambalo ningelisamehe, kwa kuwa ribiti za boti kuukuu hulegea. Nane zilizobaki zilikuwa katikati ya bati lenyewe.

Nilipong'oa zulia na skrubu ndipo nikaelewa. Sakafu ilikuwa ya plaiwudi yenye rangi ya kijanikijani, ile iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza, ambayo watu hutumia kwa vibaraza na uzio, na aliilaza moja kwa moja juu ya mataruma, yaani mbavu za boti, ya alumini. Dawa hiyo ina shaba. Tangu mwaka 2004, sumu ya arseniki iliyokuwa ndani ya dawa hizo ilipoachwa katika mbao za matumizi ya nyumbani nchini hapa, aina nyingi zilizoshika nafasi yake zina shaba nyingi zaidi. Shaba na alumini zikikutana penye unyevu huwa kama betri, na inayoliwa ni alumini. Zulia nalo lilihakikisha unyevu haukauki. Chini ya mbao nilikuta unga mweupe kama chumvi, na nilipoupangusa kwa kitambaa, mwanga wa taa ya gereji ulipenya kwenye vitundu vidogo kama vya sindano.

Laiti yangeishia hapo. Viti vya boti hizi hujazwa povu gumu kiwandani ili chombo kikijaa maji kisizame. Huyu bwana alivipasua viti hivyo, akalitoa povu lote, na mahali pake akapata nafasi ya kuwekea bata wa bandia wa kuwavutia bata mwitu. Futi moja ya ujazo ya povu hilo hubeba takribani kilo 27. Kila aliposhindilia kisu alikuwa anapunguza uhai wa mtu. Kisha kibao cha kiwanda kinachoonyesha uzito na ukubwa wa mashine unaoruhusiwa alikipaka rangi. Nilikikwangua kwa ukucha: nguvu za farasi 15. Mashine aliyoniuzia ni ya 25, na ndiyo maana tezi ilikuwa inakunywa maji.

Nilipompigia simu alinijibu, kwa utulivu ulioniudhi kuliko matusi, kwamba sharti la povu na kibao kwa boti fupi kuliko futi 20 linawabana watengenezaji, wala si mtu anayerekebisha chombo chake nyumbani. Ni kweli. Lakini hakuwa anakirekebisha kwa ajili yake. Alikuwa anakirekebisha ili akiuze, na wanaokaa ndani yake ni mimi, wenzangu na mbwa, tumevaa mabuti ya kufika kifuani, mwezi wa Novemba, maji yakikaribia kuganda.

Plaiwudi ya kawaida iliyopakwa epoksi, ile gundi inayozuia maji, pande zote na kwenye kingo ingetosha. Wala gharama yake haimshindi mtu aliyeweza kununua zulia lile.

Sasa boti imepinduliwa gerejini. Mwenye uzoefu wa kuchomelea bati jembamba la namna hii anishauri: je, nikate sehemu yote iliyoliwa niweke kiraka kimoja, au nisipoteze muda? Na aliye maeneo haya ajue kwamba jana nimeona tangazo jipya la mtu huyohuyo, boti ya futi 16, zulia lilelile la kahawia. Kabla ya kutoa fedha, mwombe akunje kona ya zulia hilo mbele yako.